Mkono wa Kuazima

Saa nane mchana. Bando la wiki limebaki kidogo,
mdogo wangu Pazi amelala chali juu ya godoro, Kivule,
na daktari yuko mjini, ndani ya simu,
uso wake saizi ya kiberiti.

"Dada mtu, shusha kamera. Chini. Chini tena.
Hapo hapo. Sasa bonyeza juu ya goti, taratibu."

Nabonyeza.
Pazi anahesabu misumari ya bati.
"Inauma kiasi gani, moja mpaka kumi?"
"Nne."

Lakini chini ya kidole changu msuli umeruka
kama mjusi aliyekanyagwa mkia.
Nne gani hiyo?
Ni nne ya mvulana wa miaka kumi na tano
anayejua ukuta wetu ndio ukuta wa mama Sikudhani,
na kwamba upande wa pili redio imepunguzwa sauti.

Mwaka jana tulikuwa tunakwenda wenyewe.
Saa kumi alfajiri, bajaji mpaka lami,
kila shimo la Kivule likimwingia nyongani.
Tukifika, namba themanini na tatu,
benchi la mbao, feni inayozungusha joto lile lile.
Alifika anaumwa kuliko alivyoondoka.
Mama naye, siku hiyo hakuna vitumbua,
na asiyepika vitumbua leo kesho anakopa sukari.
Yote hayo kwa dakika saba.

Ila dakika saba zile!
Daktari Nsajigwa aliweka kalamu chini,
akasugua viganja kwanza visiwe vya baridi,
akalishika goti la Pazi kama anayepokea yai.
Hakuuliza namba.
Alisema, "Mama, tupishe kidogo. Na dada pia."
Mlango ukafungwa.
Walichosema sikijui mpaka leo. Pazi alitoka macho mekundu,
akala mihogo miwili getini
bila kubembelezwa.

Simu siisemi vibaya.
Simu imeona ambayo benchi lile halikuyaona:
kizingiti cha choo kilivyo juu,
ndoo anayoibeba akidhani tumelala,
godoro lilivyobonyea upande wa kushoto.
"Wekeni matofali pale, apate pa kukanyaga."
Fundi Kondo akaweka mawili kwa saruji ya mabaki,
na tangu hapo Pazi huenda chooni usiku bila kuniamsha.
Matofali mawili, yametoka kwenye simu. Nashukuru.

Lakini kitanda usichokilalia, walishasema.
Daktari amekiona kitanda.
Kunguni hawaonekani kwa kamera hii.

Nami mkono wangu ameuazima,
sijui kama nimeukopesha au nimeutoa.
Nilisomea kushona, si magoti.
Usiku naota nabonyeza, nabonyeza,
na mtu mjini ananiuliza nahisi nini
na mimi sina neno lake.

Sasa duara linazunguka.
Daktari ameganda, mdomo wazi,
amekwama katikati ya "maumi—"

"Dada," Pazi anasema, hanitazami. "Ni nane."

"Mbona umemwambia nne?"

"Kwani nilikuwa namwambia yeye?"

Bati linalia kwa jua. Redio ya jirani kimya kabisa.
Nimesahau mkono wangu juu ya goti lake,
na yeye hajauondoa.

"Haloo? Mnanisikia?"

Nachomoa waya za masikioni kutoka kwenye kikapu cha nyuzi,
moja haisikiki vizuri, namwekea ile nzima.
Nampa simu, aishike mwenyewe.
"Daktari, subiri. Natoka."

Nafunga mlango. Hauna kitasa, nauegemea kwa mgongo.
Kisha napaza sauti, mtaa mzima usikie:

"Mama Sikudhani! Ongeza redio!"